Kuni za kalitusi zinaisha mbio na maji hayapati moto: tanuru la nje, Bukavu

MamaNguba

Salamu kwenu wote. Ninasimamia nyumba ndogo ya wageni hapa Nguba, vyumba vinane. Umeme wetu mnaujua: unakuja, unaenda, na saa nyingine unakuja hafifu mpaka balbu yenyewe inaona haya. Kwa hiyo maji ya kuoga tunayapasha kwa kuni.

Sudere mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, alitutengenezea tanuru la nje, nyuma ya jiko. Ni sanduku la chuma nene la kuwashia moto, na maji yanalizunguka pande tatu pamoja na juu. Pembeni, juu kidogo, kuna mapipa mawili ya lita 200 yaliyounganishwa nalo kwa tiyo, halafu tiyo nyingine inashuka mpaka bafuni. Bomba la moshi linatoka nyuma na kupanda kando ya paa.

Kuni tunazochoma ni za kalitusi, kamioneti inazileta kutoka upande wa Kabare. Jioni, saa tatu, zamu, mlinzi wetu wa usiku, anajaza sanduku magogo makubwa makubwa, anafunga kimlango cha hewa ili moto ulale mpaka asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri mgeni anafungua robine, anakuta maji ya uvuguvugu. Usiku kucha moshi mweupe, mzito, unaingia kwa jirani. Mama wa watu anafua nguo zake na kuzianika, nami nimeishiwa maneno ya kumwomba radhi. Tena kwenye kiungo cha bomba la moshi kinadondoka kitu cheusi, kinanata, kinanuka kama sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zilizokaushwa kwa moshi zikasahaulika.

Kuni zinakwisha mbio mpaka mwenye nyumba anafikiri zamu anaziuza.

Sasa nauliza: nibadilishe mti? Mmoja ananiambia akasia nyeusi, mwingine grevilea, mwingine anasema niache kuni nichome makala, yaani mkaa. Wenye matanuru ya namna hii nisaidieni, kabla sijaagiza kamioneti nyingine.

KijanaKadutu

Mama, kuni kavu ndizo zinazoisha mbio! Sisi nyumbani tunachanganya mbichi na kavu ili moto udumu. Gogo kubwa, hewa kidogo, unalala usingizi wako. Na hicho cheusi kisikusumbue, mwagia maji ya moto na sabuni. Labda zamu hajazi vizuri tu. Mwambie ashindilie.

FundiWaBagira

Kijana, shikamoo haitoshi kukupinga, kwa hiyo nitakupinga hivi hivi, kwa upendo. Kuni mbichi inadumu, ndiyo. Inadumu kwa sababu haiungui.

Mama Nguba, mimi nimejenga matanuru tangu ujana wangu: ya mikate, ya matofali, na ya maji ya moto kwa masista na kwenye vituo vya afya. Kabla sijasema neno, nijibu haya. Kuni zinakaa wapi tangu kamioneti inapozimwaga mpaka zinapoingia motoni, na zinakaa muda gani? Zimepasuliwa au ni magogo mazima? Na ndani ya sanduku la moto, ukuta ni chuma kitupu au kuna tofali?

MamaNguba

Mzee, aksanti kwa kunijibu. Kuni zinamwagwa uani, kando ya ukuta, chini kwenye udongo. Mvua ikija tunazifunika shitingi mpaka chini, pande zote. Hazikai wiki mbili, kwa sababu tunaagiza zikikaribia kwisha. Magogo ni mazima, mengine zamu hawezi hata kuyakumbatia. Ndani ya sanduku ni chuma kitupu. Tofali hakuna hata moja.

FundiWaBagira

Basi mti hauna kosa. Leta akasia nyeusi, leta mti wowote unaousifia, ukiuchoma hivyo utapata moshi uleule na lami ileile.

Nianze na kuni. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiupasua na kuuanika vizuri unashuka mpaka sehemu 15 au 20 kwa mia, na hapo ndipo unastahili kuitwa kuni. Ukitia kilo moja ya kuni mbichi motoni, kwanza moto unafanya kazi ya kuchemsha karibu nusu lita ya maji ambayo hakuna mgeni wako atakayeyaoga. Yanapanda na moshi, yanaenda zao kwa jirani.

Kisha uelewe gogo linaunguaje. Likipata joto linatoa gesi, na sehemu kubwa ya kuni inageuka gesi hiyo. Kinachobaki ni kaa. Ndimi za moto unazoziona ni gesi inayoungua. Ikikosa joto kali, au ikikosa hewa, inatoka nzima nzima kwenye bomba, na ikikuta chuma cha baridi inaganda kuwa lami. Ndiyo hiyo inayodondoka kwenye kiungo. Ni kuni zako ulizolipia, mama, zinatoka bila kuungua. Na si hasara tu. Siku moto mkali utakapofika humo, lami itawaka ndani ya bomba lenyewe. Umesema bomba linapanda kando ya paa. Kama paa ni la manjanja, yaani mabati, juu ya mbao, na ninajua ni hilo, usingoje. Kesho sudere alifungue bomba, likwanguliwe kwa burashi ya waya, kiungo kwa kiungo. Maji ya sabuni ya kijana wetu hayaondoi kitu.

Sasa tanuru. Aliyelitengeneza alizungusha maji pande zote za moto akidhani anavuna joto lote. Wengi wanafanya hivyo, hata huko ng'ambo wanakouza matanuru ya nje ya kupasha nyumba nzima yalianza hivyohivyo, na majirani wakalalamika vilevile. Shida ni hii: ukuta ambao nyuma yake kuna maji hauwezi kuwa wa moto sana kupita maji yenyewe. Na kwetu hapa, juu ya mita 1,500, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki hata mia. Gesi ya kuni inahitaji mamia ya nyuzi ili iungue yote. Ulimi wa moto ukigusa ukuta wa baridi namna hiyo unazimika kabla haujamaliza kazi yake.

Dawa yake si ghali. Vika ukuta wa ndani wa sanduku tofali za kuchoma, pande zote kutoka chini mpaka theluthi mbili za kimo. Sehemu ya juu iache chuma, hapo ndipo joto litakapoingia kwenye maji, moto ukiwa umeshamaliza kuungua chini. Usikubali fundi akujengee kwa simenti. Simenti ikikutana na moto wa kila siku inapasuka na kumeng'enyuka. Udongo wa mfinyanzi, mchanga kidogo, na vumbi la tofali zilizosagwa, basi. Acha mjengo ukauke siku nyingi, kisha uanze na moto mdogo mdogo. Chini weka wavu wa vyuma vya fero nene, kuni zisilale juu ya majivu, hewa ipite kutoka chini. Nafasi ya kuni itapungua, mwenye nyumba atapiga kelele. Mwache apige. Sanduku lako ni kubwa kupita kazi yake.

Habari ya moto kulala usiku, hiyo iacheni kabisa. Joto halihifadhiwi ndani ya gogo lililonyimwa hewa. Linahifadhiwa ndani ya maji. Una lita 400, hilo ndilo ghala lako. Washa saa kumi jioni, moto mkali, hewa wazi, kuni zilizopasuliwa unene wa kifundo cha mkono. Muda si mrefu utaona moshi unapotea juu ya bomba. Ukitazama unaona hewa inacheza tu, moshi huoni. Hapo ndipo tanuru linakula vizuri. Maji yakifika nyuzi 60, 65, acha moto umalize, na makaa yakishazimika funga kimlango cha hewa ili upepo usipite ndani na kuondoka na joto. Alfajiri saa kumi na nusu zamu anawasha tena kidogo, kama wageni ni wengi. Ataninung'unikia, najua, kwa sababu mlisha-magogo wa saa tatu ndiye anayelala mpaka asubuhi.

Lakini haya yote ni bure kama mapipa yako yako uchi. Umesema yako nje. Yamevikwa kitu?

MamaNguba

Yako uchi, mzee. Yamepakwa rangi nyeusi tu.

MwalimuFizikia_Ibanda

Fundi amesema vizuri, mimi nilete hesabu, maana ndiyo kazi yangu na wanafunzi wako likizo.

Kupasha lita 200 za maji kutoka nyuzi 20 mpaka 60 kunahitaji kilowati-saa 9.3. Hiyo haibadiliki, utumie kuni, umeme au makala. Kilo moja ya kuni kavu, yenye maji 20 kwa mia, ina kilowati-saa 4 hivi. Kwa hiyo kama hakuna kinachopotea, kilo 2 na nusu zinatosha pipa moja. Siku zote kinapotea. Tanuru lililojengwa kama fundi anavyosema likiingiza nusu ya joto kwenye maji, unatumia kilo 5 kwa pipa, kilo 10 kwa yote mawili. Moto wa wazi chini ya pipa, ambao sehemu tisa kwa kumi zinaruka hewani, utakula kilo 23 kwa pipa moja tu, kilo 46 kwa yote mawili. Mama pima kuni zako za siku moja kwenye mizani ya kantini, utajua uko wapi kati ya kilo 10 na kilo 46.

Kuni yenye maji nusu kwa nusu inabaki na kilowati-saa 2 na kidogo kwa kilo. Yaani unahitaji karibu mara mbili ya kilo, na hapo bado hatujahesabu lami inayotoka bila kuungua.

Kuhusu mapipa: pipa la chuma lisilovikwa, lenye maji ya nyuzi 60 kwenye ubaridi wa usiku wetu, kwa hesabu yangu ya harakaharaka linaweza kupoteza karibu nusu ya joto lake kabla ya alfajiri. Upepo wa ziwani ukilipata, zaidi. Ndiyo maana mgeni wako anakuta uvuguvugu. Zamu hana kosa hapo.

Na ukitaka kujua kuni yako ina maji kiasi gani, huhitaji kifaa. Pasua gogo, kata kipande cha katikati, si cha mwisho wa gogo kwa sababu mwisho hukauka kwanza. Kipime. Sema ni gramu 500. Kiweke karibu na makaa, mahali pa moto lakini kisiungue, uwe unakipima mpaka uzito uache kushuka. Kikibaki gramu 300, basi gramu 200 zilikuwa maji: 40 kwa mia. Hiyo si kuni bado.

KijanaKadutu

Mwalimu, mbona basi watu wanasema akasia ina moto mkali kuliko grevilea? Kama hesabu ni hiyohiyo kwa kilo?

MwalimuFizikia_Ibanda

Swali zuri, na unastahili alama. Kilo kwa kilo, zikiwa kavu sawasawa, miti yote inakaribiana sana. Kinachotofautiana ni uzito wa kipande. Kipande cha akasia ni kizito, kwa hiyo sanduku moja la akasia lina kilo nyingi kuliko sanduku moja la grevilea. Anayenunua kwa kilo asijali sana mti, ajali ukavu. Anayenunua kwa steri au kwa kamioneti, yeye ajali vyote viwili.

MamaFuraha_Kuni

Mmefika kwangu sasa. Mimi nauza kuni, nimekaa kwenye biashara hii nikiwa na mtoto mgongoni na sasa huyo mtoto ananibebea. Nitasema ukweli hata kama wenzangu watanikasirikia.

Kamioneti haina kipimo. Dereva akipanga magogo yaliyopinda pinda, mzigo unafika juu lakini katikati ni upepo. Steri ni mita moja kwa mita moja kwa mita moja, kuni zikiwa zimepangwa, na hata ikipangwa kwa uaminifu, kama theluthi ni nafasi za hewa. Mama Nguba, tengeneza fremu ya mbao ya mita moja kila upande, iweke uani. Kamioneti ikija, pangeni ndani ya fremu kabla hujatoa pesa. Kuna wauzaji watakaogeuza gari wakiona fremu. Waache waende.

Usinunue kwa kilo kuni mbichi. Hapo unanunua maji ya Kabare ilhali ya ziwa unayo bure.

Miti, sasa. Akasia nyeusi ndiyo ninayoipenda: nzito, inapasuka vizuri, kaa lake linakaa. Wachoma makala nao wanaijua, ndiyo maana haishuki bei. Kalitusi ni nzuri pia, wasikudanganye, ila ina kiburi: ikikauka nzima haipasuki, nyuzi zake zimejisokota, shoka linarudi. Kalitusi inapasuliwa ikiwa mbichi, siku ileile ikifika kama unaweza. Grevilea ni nyepesi na inakauka upesi. Kwa mtu aliyechelewa kununua, grevilea iliyopasuliwa inamwokoa. Sipre inawaka kwa kishindo, ina utomvu, mimi naiweka kwa kuwashia tu. Avoka usilipie. Kahawa, ukipata mtu anayeng'oa visiki vya zamani vya shamba lake, chukua yote anayokupa bila kubishana. Vijiti vyake ni vyembamba, vigumu, havihitaji shoka, na moto wake ni safi. Mabaki ya kinkina, ule mti wa kwinini, baada ya kuambua ganda yanafaa pia, yakikauka.

Vipande vya milingoti ya umeme ya zamani, ile yenye rangi ya kijani kijani, usichome hata ukipewa bure. Ile dawa iliyopakwa kuzuia mchwa ina sumu, na majivu yake yana sumu zaidi. Mbao zenye rangi vilevile. Kuna watu wanawashia moto kwa mifuko ya plastiki na viatu vya zamani. Halafu wanashangaa mtoto anakohoa.

Na kuni za msituni, zile kubwa nyekundu zinazoshuka usiku kutoka upande wa mbuga, mimi sizichukui. Kahuzi-Biega ni hifadhi ya taifa tangu 1970, na mwenye kukamatwa nazo njiani si yule aliyezikata.

Jambo la mwisho la pesa: nunua Juni. Mvua inakuwa imepumzika, njia za Kabare na Walungu zinapitika, wakulima wanahitaji pesa, kuni ziko nyingi. Oktoba unanunua kwangu kwa bei ninayotaka mimi.

MamaNguba

Mama Furaha, umenichekesha na umenitisha. Ila Juni iko mbali na wageni wako ndani leo. Kwa sasa hivi nifanye nini na huu mlima wa magogo mabichi uani?

Pia mzee wa Bagira, ulisema mapipa yako uchi. Niyavike nini? Nimeambiwa kuna sponji maalumu ya kununua lakini bei yake nikiisema hapa mtalia pamoja nami.

FundiWaBagira

Sponji achana nayo. Jenga ukuta wa tofali kavu kuyazunguka mapipa, nafasi ya shubiri moja kati ya ukuta na pipa, pande zote pamoja na chini na juu. Jaza nafasi hiyo majivu makavu yaliyochekechwa. Majivu yanazuia joto vizuri, hayaungui, na unayo bure kila siku. Kule kwenye pipa la pili, mbali na moto, unaweza kuchanganya na unga wa mbao kutoka kwa seremala. Karibu na moto usiweke unga wa mbao. Sharti moja: yasilowe. Majivu yenye maji yanageuka kuwa magadi na yanakula chuma. Kwa hiyo funika juu kwa manjanja yenye mteremko, na maji ya mvua yadondoke mbali.

Mlima wa magogo. Ita vijana wawili wenye shoka na kabari, wapasue yote sasa, maana ni kalitusi na Mama Furaha amekwambia ukweli wake. Kata fupi pia, kama urefu wa mkono mpaka kiwiko. Maji ya mti yanatokea zaidi kwenye ncha zilizokatwa kuliko ubavuni, kwa hiyo kipande kifupi kina ncha karibu na kinakauka upesi. Panga juu ya tofali au juu ya milingoti miwili, isiguse udongo. Rundo liwe la mstari mmoja, si kichuguu, likitazama upande unaotoka upepo wa ziwani. Na ile shitingi, mama, iondoe pande zote! Mnazipika kuni zenu kwa mvuke. Funika juu peke yake, manjanja mawili yanatosha, ubavuni paache wazi.

Kwa leo na kesho, nunua kiasi kidogo cha kuni kavu hata kama ni ghali, grevilea au kahawa. Choma hizo. Kila ukiwasha tanuru, panga vipande vyako vilivyopasuliwa kando ya bomba la moshi, visiguse chuma, vikauke kwa joto linalopotea. Mtu asiviache peke yake vikiwa hapo. Vikianza kutoa moshi vitoe. Vya leo vitachomwa wiki nyingine, vya wiki nyingine baadaye. Kavu ni kipande ambacho ncha zake zimepasuka nyufa, ganda linabanduka lenyewe, na ukigonganisha viwili vinalia kwa sauti kali. Vikitoa sauti ya kitu kilichojaa, rudisha kwenye rundo.

Nyingine, na hii zamu atakuona umerogwa: panga kuni kubwa chini, ndogo juu, na uwashe juu. Moto unashuka polepole, gesi ya kuni za chini inapita katikati ya moto na kuungua badala ya kukimbia. Moshi wa mwanzo unapungua sana. Jirani yako ndiye atakayetoa ushuhuda.

Na kabla ya yote: mfumo wako una mdomo wazi juu? Pipa la juu lina tiyo ya kupumulia?

MamaNguba

Kuna kifuniko kimefungwa kwa bolti. Tiyo ya kupumulia sijaiona.

FundiWaBagira

Msiwashe leo usiku.

Maji yakichemka kwenye chombo kilichofungwa, lita moja inataka kuwa lita zaidi ya 1,600 za mvuke, na chuma hakitakubali kwa muda mrefu. Mpaka sasa mmeokolewa na kuni mbichi. Moto wenu haujawahi kuwa na nguvu ya kuchemsha. Mkianza kuchoma kuni kavu kama tulivyowafundisha hapa, utakuwa na nguvu. Kesho sudere atoboe kifuniko cha pipa la juu kabisa, asimamishe tiyo ya inchi moja ipande wima kupita kimo cha pipa, juu yake wazi, haina robine, haina kizibo, imepinda mdomo kutazama chini ili mvua isiingie. Ahakikishe pia kwamba hakuna robine kati ya sanduku la moto na pipa hilo, ikiwepo, aikate. Na maji yanayoingia yatoke kwenye kipipa chenye boya, ili mapipa yasikauke moto ukiwa unawaka.

Akimaliza, nitumie picha ya tiyo hiyo ya kupumulia. Niko Bagira, nikipata gari siku ya Jumatatu nitapita mwenyewe, unipe chai tu.

MamaFuraha_Kuni

Fundi ukipita Nguba, mwambie Mama anipigie hesabu ya steri mbili za grevilea. Ninazo zilizopasuliwa toka kiangazi, ziko chini ya paa. Fremu alete, sigeuzi gari.